Tofali zinabanduka, fundi anataka kupiga simenti: nyumba ya 1893 kule Old Louisville

SWALI: "Shikamoo mtaalamu. Sisi ni Wakongo, tumekulia kambini Nyarugusu, sasa tuko Louisville, Kentucky, mwaka wa saba. Mwaka jana mimi, mume wangu na shemeji yangu tulichanga tukanunua nyumba ya zamani eneo la Old Louisville, makaratasi yanasema imejengwa 1893, ni ya matofali mekundu, ghorofa tatu, sisi tunakaa chini na juu tunapangisha. Baada ya hii winta tofali za ukuta wa nyuma zinabanduka uso, ukigusa zinatoka unga, na kwa ndani ukutani kunatokea unga mweupe na harufu ya unyevu. Fundi mmoja kasema atakwangua kati ya tofali ajaze simenti kali, halafu apake rangi isiyopitisha maji, na madirisha yote 14 ayatoe aweke ya plastiki. Anataka advansi wiki ijayo. Jirani anasema tukigusa chochote tutapigwa faini kwa sababu zile nyumba ni za kihistoria, ni kama za serikali. Kanisani wanatwambia tuuze tukanunue mpya. Mume wangu ameshaanza kukwangua rangi ya madirisha ya chumba cha watoto (wana miaka 2 na 5, wote wamezaliwa hapa) ili tuokoe hela. Tufanye nini? Simenti si ndo imara zaidi?"

JIBU:

Marahaba dada, na hongereni sana. Watu watatu kuchanga hadi mkashika nyumba ya ghorofa tatu ugenini sio jambo dogo, na wanaowaambia muuze haraka naomba muwasikilize kwa heshima ila msiwafuate bado. Swali lako lina maswali kama manne ndani yake, ukuta, madirisha, sheria, na kuuza, ntayajibu yote, lakini ntaanza na lile ambalo hukuuliza, umelitaja tu pembeni.

Mwambie mume wako aache kukwangua. Leo hii, sio akimaliza dirisha alilobakiza.

Rangi za mafuta za zamani zilitengenezwa na madini ya risasi, ndo yaliyokuwa yanaipa rangi uzito na kuifanya idumu, na Marekani ilikuja kupiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978. Shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, linakadiria kuwa asilimia 87 ya nyumba zilizojengwa kabla ya 1940 zina rangi ya risasi mahali fulani. Ya kwenu ni ya 1893, imepakwa rangi juu ya rangi kwa zaidi ya miaka themanini kabla ya ile marufuku, kwahiyo we chukulia tu kwamba ipo mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Na sehemu mbaya kuliko zote ni dirisha, manake dirisha la kupandisha na kushusha linasaga rangi yake lenyewe kila siku, vumbi linadondoka kwenye kizingiti, na kizingiti ndipo mtoto wa miaka miwili anaposhika akiwa anachungulia nje. Sio lazima ale magamba ya rangi. Vumbi la vidoleni linatosha. Mwili wa mtoto unaichukua risasi kwa njia ileile unayochukulia kalsiamu, na mtoto mwenye upungufu wa chuma au kalsiamu anainyonya zaidi, halafu inagusa ubongo ambao bado unajengeka, na wewe kwa macho huoni kitu, mtoto anacheza, anakula, hana homa.

Kwahiyo: watoto wahame hicho chumba kwa sasa. Msifagie vumbi likiwa kavu na msitumie vakyumu ya kawaida, inalipuliza tu hewani. Futeni kwa vitambaa vyenye maji na sabuni, vitupwe, futeni tena, au tafuteni vakyumu yenye kichujio cha HEPA, kile kinachonasa vumbi dogo sana. Nguo alizovaa mumeo akikwangua zifuliwe peke yake. Na wiki hii wapelekeni wote wawili wakapimwe damu, mwambie daktari neno kwa neno kwamba mnakaa nyumba ya 1893 na kuna rangi imekwanguliwa ikiwa kavu. Kama wako kwenye Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, watoto wanatakiwa kupimwa risasi wakiwa na miezi 12 na miezi 24, kwahiyo uliza pia kama vile vipimo vilifanyika na majibu yalikuwa nini. Kiwango ambacho CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, inakitumia sasa hivi kumtambua mtoto aliyeathirika kuliko wenzake ni mikrogramu 3.5 kwa desilita, ila hakuna kiwango ambacho kimethibitika kuwa salama, kwahiyo hata ukiambiwa ni 2 uliza tutafanyaje kishuke. Kama una mimba au unanyonyesha, na wewe pima.

Kingine, mmepangisha juu. Hapo sheria inabadilika. Mtu anayekaa kwenye nyumba yake peke yake anaweza kujifanyia kazi mwenyewe, lakini nyumba ya kabla ya 1978 yenye wapangaji inataka anayegusa hiyo rangi awe na cheti cha EPA cha kufanya kazi kwa usalama wa risasi, hata akiwa ni mwenye nyumba, na mpangaji anatakiwa apewe taarifa ya risasi kabla ya kusaini mkataba. Sikutishi, nakueleza ili kesho mpangaji asije na barua ya wakili.

Na bustani. Kama umepanda lengalenga au matembele pale chini ya ukuta, naomba usiwapikie watoto mpaka udongo upimwe. Rangi ya miaka yote hiyo imekuwa ikidondoka palepale, na mboga za majani zinabeba huo udongo. Ofisi ya kilimo ya kaunti, wenyewe wanaiita Extension, inaweza kukuelekeza pa kupima. Wakati unasubiri panda kwenye maboksi yenye udongo mpya, mbali na ukuta.

Sasa ukuta. Simenti ni imara kweli, hapo hujakosea. Kosa ni kudhani kwamba ukuta wenu unahitaji uimara wa namna hiyo. Sisi wa kizazi cha bloku na nondo tumezoea kuona nyumba nzuri ni ile ngumu kila mahali, lakini nyumba ya 1893 ilijengwa kwa akili nyingine kabisa, akili ambayo wazee wa Lamu na Unguja wangeielewa bila kuelezwa, manake na wao walijenga kwa chokaa. Tofauti ni kwamba wao walichoma matumbawe na huko kwenu walichoma mawe ya chokaa ya bara, ila kinachotoka kwenye tanuu ni kilekile. Ukiichanganya chokaa na mchanga na maji ukajengea, inaanza kuvuta hewa ya kaboni dioksidi polepole na kurudi kuwa jiwe, jiwe laini, lenye vitundu, linalokubali kusogea kidogo nyumba ikitikisika au ikitanuka kwa joto.

Ukuta wa namna hii unalowa na kukauka. Mvua inapiga, tofali inanyonya, jua likitoka maji yanatafuta njia ya kutoka na njia rahisi ni ile chokaa ya katikati, manake ni laini na ina vitundu kuliko tofali. Na yale maji yanapotoka yanabeba chumvi zilizomo ukutani, yakikauka chumvi inabaki na inakula pale ilipobaki. Chokaa ndo inayoliwa. Na hivyo ndivyo walivyopanga, baada ya miaka hamsini au mia unaijaza upya, tofali zako zimebaki nzima.

Ukiweka simenti umeufunga huo mlango. Maji bado yanaingia, manake simenti inapata nyufa nyembamba kama unywele pale inapokutana na tofali, na hapo ndipo mvua inapopita, lakini kutoka hayawezi. Yanabaki nyuma ya uso wa tofali pamoja na chumvi yake. Halafu winta inakuja, maji yakiganda yanatanuka karibu asilimia 9, na tofali za zamani zilichomwa kwa kuni au makaa kwenye tanuri ambazo moto haukuwa sawa, uso ni mgumu kiasi na ndani ni laini, kwahiyo ule uso unasukumwa kwa ndani mpaka unabanduka. Na Louisville kwa hili ni pabaya, manake kwenu mara nyingi ukuta unaganda usiku unayeyuka mchana, tena na tena kwa winta nzima, na kila mara tofali inaumia kidogo.

Kwahiyo nikisikia "ukuta wa nyuma" unabanduka na wa mbele hujautaja, nahisi mambo mawili. La kwanza, wajenzi wa enzi hizo waliweka tofali nzuri zilizogandamizwa kwa mashine upande wa barabarani, zikiwa na maungio (ule mchanganyiko ulioko kati ya tofali na tofali) membamba ya milimita tatu hivi, na pembeni na nyuma wakaweka tofali za bei rahisi, laini. La pili, kuna mtu alishawahi kupiga simenti huo ukuta miaka ya nyuma, labda kwa nia njema kabisa, na mnachokiona leo ni matokeo. Kagua mwenyewe: chukua msumari, kwaruza ungio, sio tofali yenyewe. Kama inakwaruzika kirahisi, rangi yake ni ya maziwa au mchanga, na unaona vidonge vidogo vyeupe ndani yake, hiyo ni chokaa. Kama ni kijivu na msumari unateleza, ni simenti. Fanya hivyo mbele, pembeni na nyuma. Nadhani utanijibu kwamba nyuma ni kijivu.

Lakini kabla ya kumlipa mtu hata senti kwa ajili ya maungio, tafuta maji yanatoka wapi. Hii naisisitiza kwa sababu ndo pesa ndogo inayookoa pesa kubwa. Mvua ikinyesha kubwa vaa koti toka nje ukaangalie ule ukuta, gata inamwagika? bomba la kushusha maji limeachana katikati? maji yakifika chini yanaenda mbali au yanajikusanya kwenye msingi? Nyumba nyingi za wakati huo zina gata zilizojengwa ndani ya paa lenyewe, huzioni ukiwa chini, zimefunikwa bati ambalo likitoboka maji yanashuka ndani ya ukuta kimyakimya kwa miaka. Angalia na dohani juu ya paa, na beisimenti. Nimeona kuta ambazo zilipona kwa kurekebisha bomba moja la maji.

Yakishapatikana na kuzibwa, ndo unafika kwenye maungio. Fundi asitumie mchanganyiko mgumu. Marekani michanganyiko ina madaraja ya herufi, na ugumu wake baada ya siku 28 unapimwa kwa pauni kwa inchi ya mraba: M ni 2,500, S ni 1,800, N ni 750, O ni 350, K ni 75. Mafundi wengi wa nyumba mpya watakuletea S au N kwa mazoea. Ukuta wako wa nyuma unataka O au laini zaidi ya hapo, au chokaa asilia ya kugandia majini, NHL, iliyochanganywa na mchanga unaofanana na wa zamani kwa rangi na ukubwa wa chembe. Sheria ni moja tu, kilicho katikati kisiwe kigumu kuliko tofali. Akwangue kwa kina cha mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa ungio, akipaka juujuu tu itadondoka. Grainda kwenye maungio ya wima asitumie, nimeshaona nyumba nzuri ambazo kila tofali ina kovu juu na chini kwa sababu ya haraka ya siku moja. Asipige mchanga wa presha wala maji ya presha kubwa, unaondoa ule uso mgumu ambao ndo ngozi ya tofali na haurudi tena. Na kazi ifanyike wakati ambao hakuna hatari ya kuganda, chokaa inakomaa polepole, inatakiwa ifunikwe na iloweshwe kidogokidogo siku za mwanzo isikauke ghafla na jua.

Tofali zilizokwisha kubanduka: ambazo zimepoteza uso tu kidogo ziache, sio nzuri kutazama ila zitaishi. Zilizoingia ndani sana zitolewe moja moja, zigeuzwe upande wa ndani utazame nje kama bado ni mzima, au ziwekwe tofali za zamani zilizookotwa kwenye nyumba zilizovunjwa, sio mpya za dukani, ugumu wake haufanani.

Rangi isiyopitisha maji, hapana. Ni kama kumvalisha mtu koti la nailoni juani, mvua haitamgusa ila atalowa kwa jasho lake. Unyevu wa kupika, kuoga, wa udongo chini, wote unataka kupita ukutani utoke, ukiuziba unaganda nyuma ya rangi na utabandua rangi pamoja na tofali. Hata zile dawa zisizo na rangi zinazouzwa kwa jina la kuziba tofali ningekaa nazo mbali. Na ule unga mweupe wa ndani ni chumvi, upige brashi ikiwa kavu, ukusanye, tupa, usiusugue na maji manake unairudisha ukutani. Kama kuna plasta ya simenti kwa ndani chini ya ukuta, nayo inahusika. Kisha vumilia, ukuta wa unene ule unakauka kwa miezi.

Madirisha sasa. Hapa sikupi jibu la upande mmoja, manake una watoto wadogo na una winta. Madirisha yenu kama ni yale ya asili ni ya mbao zilizokatwa kwenye misitu mikongwe, mbao zenye nyuzi zilizobanana ambazo leo hupati dukani, na yametengenezwa vipande vipande ili kipande kikioza ubadilishe hicho tu. Kamba ikikatika unaweka kamba, kioo kikivunjika unaweka kioo. Dirisha la plastiki la vioo viwili likichoka, ile hewa ya katikati ikiingia unyevu au fremu ikipinda, hurekebishi, unatupa lote unanunua tena. Na baridi mnayoisikia mara nyingi haipiti kwenye kioo, inapita kwenye mianya ya pembeni. Ukiziba mianya, ukarekebisha vyuma vya uzito vilivyoko ndani ya fremu ili dirisha lifunge vizuri, halafu ukaweka dirisha la pili la nje la kukinga baridi, unakaribia sana joto la dirisha jipya kwa gharama ndogo zaidi, na kwa nyumba ya ghorofa tatu joto lenu jingi linapotelea juu, kwahiyo dari ya juu kabisa ikiwekwa insulesheni mtaona tofauti kwenye bili kabla hata ya kugusa dirisha.

Lakini kama vipimo vya watoto vitarudi vibaya, au mbao zimeoza kiasi cha kuingia kidole, mambo yanabadilika. Afya ya mtoto inakuja kabla ya mbao ya mtu yeyote. Hapo kuna njia mbili, kuyatoa madirisha yakasafishwe rangi karakana kwa mtu mwenye cheti na kurudishwa, au kuweka mapya ya mbao yanayofanana. Mimi ningeanza na chumba cha watoto na jikoni, mengine yasubiri. Kumi na nne kwa mpigo ni haraka ya fundi.

Na hapo ndo tunaingia kwenye maneno ya jirani. Nyumba ni yenu. Serikali haina hisa humo. Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kimoja ni orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, Old Louisville imo tangu 1975, na kuwemo kwenye orodha hiyo peke yake hakumkatazi mwenye nyumba binafsi kufanya kitu akitumia pesa zake mwenyewe. Kingine ni ulinzi wa jiji lenyewe, na huo ndo wenye meno. Jiji lina tume ya kuhifadhi majengo na wilaya za kihistoria, sheria yake ni ya 1973, na ukitaka kubadilisha muonekano wa nje unaomba cheti kinaitwa Certificate of Appropriateness. Mambo madogo yanaamuliwa na wafanyakazi wa ofisi, makubwa yanaenda kwa kamati ya eneo. Ndani hawahusiki, jiko na bafu na rangi ya sebule ni juu yenu, mbali na vibali vya kawaida vya ujenzi. Kwahiyo jirani amekosea kwamba msiguse chochote, ila amepatia kwamba kubadilisha madirisha na kupaka rangi tofali ambazo hazijawahi kupakwa ni mambo ya kuuliza kwanza, na mkifanya bila kuuliza mnaweza kuamriwa kuyarudisha yalivyokuwa kwa gharama zenu. Pigeni simu ofisi hiyo sasa, kabla ya advansi. Ombeni mkalimani kama mnahitaji, ni haki yenu, na wale watu kwa kawaida wanapenda sana kuulizwa mapema, watawaambia hata mchanganyiko gani wanaukubali.

Kuna na pesa ambazo fundi hawezi kuwaambia. Kentucky ina punguzo la kodi kwa wanaokarabati nyumba za kihistoria wanazoishi, limekuwa asilimia 30 ya gharama zinazokubalika ukitumia kuanzia dola 20,000, na serikali kuu ina asilimia 20 kwa sehemu inayoingiza kipato, yaani ile ya wapangaji, ingawa hiyo masharti yake ni makubwa, lazima utumie zaidi ya thamani ya jengo lenyewe bila ardhi, kwahiyo huenda isiwafae. Yote mawili yanataka uombe kabla, na yanataka kazi ifuate miongozo ya National Park Service, shirika la serikali kuu la hifadhi za taifa na mahali pa kihistoria, ambayo kuhusu kujaza maungio inasema haya haya niliyokueleza. Ofisi ya jimbo inayoshughulika inaitwa Kentucky Heritage Council, muulize kiasi na tarehe za mwaka huu. Ukishapiga simenti na kuweka plastiki, umejifungia mlango wa hiyo hela. Uliza pia idara ya makazi ya jiji kama mpango wa ruzuku za kuondoa risasi uko wazi, nyumba yenye watoto chini ya miaka sita ndo inayolengwa.

Kuuza? Mjue kwanza mlichonunua. Mwaka 1883 palepale jirani na kwenu, rais Chester Arthur alifungua maonyesho makubwa, Southern Exposition, yakiwashwa kwa taa 4,600 za Edison, wakati ambao watu wengi duniani hawajawahi kuona balbu. (Mwaka huohuo Sultani Barghash alikuwa anajenga Beit el Ajaib kule Unguja, huwa napenda sana kuviweka viwili hivyo pamoja.) Maonyesho yalikoma 1887, eneo likakatwa viwanja, William Slaughter akaanzisha St. James Court 1890, matajiri wa tumbaku na pombe wakajenga kwa kushindana, na nyumba yenu ya 1893 ni ya wimbi hilo hilo. Kisha magari yakaja wakahamia mbali, mafuriko ya mto Ohio ya Januari 1937 yakawasukuma waliobaki kwenda kwenye miinuko ya mashariki, na yale majumba yakakatwakatwa vyumba vya kupanga. Miaka ya 1960 mengi yalivunjwa kwa jina la maendeleo, na yaliyosimama yamesimama kwa sababu wakazi waligoma, wakanunua wakakarabati kwa mikono yao. Karibu yote ni ya tofali na mawe, ndo maana watu wanasafiri kuja kuyaona. Nyumba ya namna hiyo ikitunzwa haishuki thamani kirahisi, na nyumba mpya mtakayoipata kwa bei hiyo itakuwa mbali na kazi na mbali na basi. Ningeuza tu kama injinia atasema kuna tatizo la mwili wa nyumba ambalo hamliwezi, au kama hamna kabisa nafasi ya kuishi na ukarabati wa taratibu, na hilo la pili ni sababu halali, mtu asikuone mjinga.

Mimi niko mbali, sijauona ukuta, kwahiyo haya yanayofuata hayasubiri maandishi yangu. Muiteni injinia wa majengo, injinia sio fundi, kama ukuta umetoka tumbo, kama kuna ufa unaopanda kama ngazi na unaongezeka, kama ufa unaingia penseli, au kama sakafu za juu zimeanza kuachana na ukuta. Muiteni fundi umeme mwenye leseni kama beisimenti au darini kuna waya za zamani zilizoshikiliwa na vigoda vya kauri, na msizifunike kwa insulesheni kabla hajazikagua, zile zinategemea hewa kupoa, na kampuni ya bima nayo itauliza. Na kama boila au hita ya gesi inatoa moshi kupitia dohani ya zamani, weka kengele ya kaboni monoksidi kila ghorofa usiku wa leo na muite mtu akague ndani ya dohani, manake tofali zinazobomoka nje zinaweza kuwa zinabomoka na ndani zikaziba njia ya moshi.

Fundi wako usimgombeze, anafanya alichofundishwa. Mwambie advansi bado, muulize atatumia daraja gani la mchanganyiko, ana cheti cha EPA cha risasi, na yuko tayari kufanya kipande cha mita moja kwa mita moja mkione kimekauka kabla ya ukuta mzima. Akikujibu O au chokaa, akakuonyesha cheti, akakubali kipande, mpe kazi ya ukuta wa nyuma tu, kwa maandishi, madirisha yasiwemo. Akisema hayo mambo ya chokaa yamepitwa na wakati, mshukuru, umwombe radhi, utafute mwingine, ile ofisi ya jiji itakuelekeza kwa wanaojua kazi hiyo. Na majibu ya damu ya watoto yakitoka niandikie kabla hujaniandikia kuhusu tofali.